Ala ya Bastola na Nakshi Zake

Hapana shaka, msomaji, umepata kuona sinema ya wachunga ng'ombe wa Marekani, au kama hukuiona basi umesimuliwa na mwenzio aliyeiona. Mtu mrefu asimama peke yake katikati ya njia ya vumbi. Kofia imemfunika nyusi. Mkono wake wa kuume waning'inia karibu na paja, na pale pajani imefungwa ala ya ngozi, chini kabisa, na bastola imo ndani yake tayari. Kufumba na kufumbua bastola imekwisha toka, mlio umesikika, na mtu mwingine yu chini mavumbini. Jambo hilo limeonyeshwa mara nyingi mno, hata watu wengi, wakiwamo Wamarekani wenyewe, wameliamini kuwa ndiyo historia.

Nataka uache kumtazama yule mtu kwa muda, uitazame ile ala. Maana ala za kale zipo bado. Zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho na katika nyumba za watu wapendao vitu vya zamani, na mtu ajuaye kazi ya ngozi akizishika mkononi huona mara moja kwamba hazifanani na ile ya sinema. Ushahidi huo wa pande mbili hauwezi kuwa wa kweli pamoja: ama ngozi yasema uongo, ama sinema. Basi twende taratibu, tuisikilize ngozi.

Ala kwetu si kitu kigeni. Jambia la mtu wa pwani lina ala yake, na simi ya Mmasai hukaa katika ala ya vibao vilivyovikwa ngozi na kupakwa rangi nyekundu. Kazi yake ni kukilinda chombo kisiharibiwe na mvua wala vumbi, na kumlinda mwenye chombo asijidhuru nacho. Ala ya bastola ilizaliwa kwa haja hiyo hiyo. Haikuzaliwa kwa ajili ya mashindano.

Mwaka 1836 Samuel Colt alipewa na serikali ya Marekani hati ya kulinda uvumbuzi wake wa bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo iliweza kupiga risasi kadhaa bila ya kushindiliwa upya kila mara. Zile kubwa miongoni mwa bastola za mwanzo hazikufaa kuvaliwa. Ile iliyotengenezwa mwaka 1847, iitwayo Walker, ilikuwa na uzito uliozidi kilo 2. Nani angeweza kufunga kiunoni chuma kizito namna hiyo na kushinda nacho kutwa nzima? Kwa hiyo zilichukuliwa na farasi. Ala mbili ziliunganishwa kwa kipande kimoja cha ngozi, zikalazwa mbele ya tandiko, moja kushoto na moja kulia, kama matandu ya punda. Mtu akishuka, silaha yake hubaki juu ya mnyama.

Mambo yaligeuka upesi. Mwezi wa Januari 1848 dhahabu iligunduliwa California, na mwezi uliofuata nchi hiyo ikatolewa na Meksiko kwa Marekani kwa mkataba uliomaliza vita baina yao. Watu wakamiminika kwa maelfu. Wengi wao hawakuwa na farasi. Walikuwa wakichimba na kutembea kwa miguu. Colt naye alitoa mwaka 1851 bastola nyepesi zaidi, ya kilo 1 na robo hivi, ambayo mtu aliweza kuivaa. Hapo ndipo mafundi wa California walipoanza kushona ala nyembamba ya mshipini, iliyofuata umbo la bastola tangu mtutu hata karibu na kitako, kama soksi inavyoufuata mguu. Bastola ilizama ndani. Kilichoonekana nje ni kitako tu.

Lakini ala hizo za California zina jambo jingine ambalo lapaswa kumshangaza kila azitazamaye. Nyingi zimechorwa maua. Mchimba dhahabu mwenye ndevu chafu, alalaye hemani, aliyefika juzi kutoka New York au Ujerumani, kiunoni mwake pana mashina yaliyosokotana, majani yaliyopinda na maua yaliyochanua, yote yamechongwa juu ya ngozi kwa mkono wenye ustadi. Maua hayo yalitoka wapi?

Hayakutoka New York. Ili kuyafuata lazima turudi nyuma zaidi ya miaka elfu. Mwaka 711 majeshi ya Waislamu, Waarabu na Waberberi, yalivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini na kuitwaa sehemu kubwa ya Hispania. Mji wa Córdoba ukawa makao ya watawala wao, na mojawapo ya sifa zake ilikuwa ngozi: laini, yenye rangi, iliyopambwa kwa nakshi za majani na mashina yasiyo na mwisho, namna ile ile ya nakshi ambayo wewe uliyefika Lamu umeiona juu ya milango. Sifa hiyo ilienea hata Wafaransa, mpaka leo, humwita fundi wa viatu kwa jina lililotokana na mji huo. Mwaka 1492 utawala wa mwisho wa Waislamu katika Hispania ulianguka pale Granada, lakini ufundi haukuanguka pamoja nao. Mikono ya mafundi ilibaki na kuendelea na kazi chini ya mabwana wapya.

Mwaka 1519 Hernán Cortés alitua Meksiko na askari wake na farasi 16. Kwa farasi yalikuja matandiko, na kwa matandiko walikuja watengeneza matandiko. Nchi ile ikajaa ng'ombe, na Wameksiko, wengi wao wakiwa Wahindi wenyeji na machotara, wakawa mabingwa wa kuchunga juu ya farasi. Waliitwa vakero, yaani watu wa ng'ombe. Hao ndio waliovumbua karibu kila kitu ambacho sinema humvisha mchunga ng'ombe wa Kizungu: kamba ya kunasia, tandiko lenye kigingi mbele, ngozi za kufunika miguu. Hata maneno yenyewe ya kazi hiyo katika Kiingereza cha Marekani, mengi ni Kihispania kilichopotoshwa. Na matandiko ya vakero tajiri yalichongwa maua, kama vile babu zao wa ufundi walivyochonga kule ng'ambo ya bahari.

California ilikuwa nchi ya ngozi kabla ya kuwa nchi ya dhahabu. Kati ya miaka 1769 na 1823 mapadre wa Kihispania walijenga huko misheni 21 zenye makundi makubwa ya ng'ombe, na baadaye merikebu za Boston zilikuja kununua ngozi hizo, ambazo zilizoeleka katika biashara hata zikahesabiwa kama fedha. Wamarekani wa upande huo huo wa Boston, wale wa mji wa Salem, ndio waliokuwa wakifika Unguja siku zile zile kununua sandarusi, pembe na ngozi, na kuuza ile nguo ambayo mpaka leo twaiita merikani; nchi yao ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Nalitaja hili kwa kupita tu, ili ujue kwamba ulimwengu wa wakati huo ulikuwa mdogo kuliko tudhanivyo.

Basi wachimba dhahabu walipofika, waliwakuta mafundi wa Kimeksiko wakiwa kazini. Wengine waliajiriwa na maduka mapya ya Wazungu, wengine waliigwa. Ndiyo sababu ya maua.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, havituhusu sana. Ala za jeshi zilikuwa na kifuniko kikubwa chenye kifungo, hazikuwa na pambo, na hakuna aliyezipenda ila mkuu wa ghala. Jambo la kukumbuka ni kwamba baada ya vita askari wengi walizichukua nyumbani, wakakata kile kifuniko kwa kisu.

Wakati wa wachunga ng'ombe wenyewe ulikuwa mfupi. Kuanzia mwaka 1866 makundi ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas kwenda kaskazini kwenye reli, na kazi hiyo ilipungua sana baada ya miaka ishirini tu, reli zilipoenea na nchi ilipozungushiwa seng'enge. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana, wenye ujira mdogo, na si Wazungu peke yao. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi, na Wameksiko nao walikuwa wengi. Mwaka 1873 Colt alitoa bastola mpya itumiayo risasi za ganda la chuma, na kwa bastola hiyo ikaja ala ambayo wajuzi huiita ala ya Kimeksiko. Mfano wake ni rahisi na wa akili sana. Fundi hukata kipande kimoja kikubwa cha ngozi. Nusu yake huikunja na kuishona iwe ala. Nusu ya pili huikunja nyuma, akaitoboa mianya miwili au mitatu, akaipitisha ala katika mianya hiyo. Mshipi hupita katika mkunjo wa juu. Imekwisha. Hakuna bizimu wala msumari.

Sasa itazame ala hiyo kama hakimu atazamavyo ushahidi. Inakaa juu, kiunoni, si pajani. Bastola imezama ndani kabisa, ili isidondoke farasi arukapo korongo. Kwa kawaida haina kamba ya kuifunga mguuni. Mtu akitaka kuitoa silaha yake upesi atahangaika. Fundi aliyeishona, awe F. A. Meanea wa Cheyenne au H. H. Heiser wa Denver, ambao walipiga chapa ya majina yao juu ya kazi zao, hakuwa mjinga. Kama wateja wake wangalikuwa wakishindana kila jioni njiani nani atoe kwanza, angaliwashonea kitu kingine. Hawakuomba kitu kingine, kwa kuwa walichohitaji ni bastola isiyopotea nyikani na isiyoingia kutu.

Na mijini je? Miji mingi ya ng'ombe ilikataza kabisa kuvaa silaha. Mgeni alitakiwa kuiweka bastola yake mahali maalumu mpaka atakapoondoka. Lile pigano mashuhuri kuliko yote, la Tombstone katika Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, lilitokana na amri ya namna hiyo: wakuu wa usalama walikwenda kuwanyang'anya silaha watu walioivunja. Lilikwisha kwa muda wa nusu dakika hivi. Wyatt Earp, ambaye sinema zimemfanya bingwa wa kuchomoa bastola alani, alieleza mwenyewe mbele ya hakimu baadaye mahali ilipokuwa bastola yake. Ilikuwa katika mfuko wa koti.

Kwa hiyo ile ala ya pajani ilitoka wapi? Ilitoka katika karne ya 20. Mshipi mpana wenye tundu la kuning'inizia ala ulienea katika miaka ya 1920 na baadaye, na watengeneza sinema waliupenda kwa sababu waonekana vizuri machoni. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, televisheni ilipoingia majumbani, mtu mmoja aitwaye Arvo Ojala alitia bamba la chuma kati ya matabaka mawili ya ngozi, ili silinda iweze kuzunguka bastola ikiwa bado imo alani. Kwa uvumbuzi huo mchezaji aliweza kuitoa kwa kasi ya ajabu. Ojala aliwafundisha wachezaji wengi, na ndiye aliyeonekana mwanzoni mwa mchezo wa televisheni ulioitwa Gunsmoke akipigwa na kuanguka, wiki baada ya wiki. Hivyo watu waliona chombo cha mwaka 1955 kikivaliwa katika hadithi ya mwaka 1875, nao hawakuuliza. Na katika mabadiliko hayo vakero, aliyeileta ngozi na maua yake, aliondolewa mbele ya kamera au akafanywa mwizi.

Hapa, msomaji, ufundi wenyewe ulikuwa karibu kufa. Tangu mwaka 1884 kulikuwa na njia mpya ya kutengeneza ngozi kwa dawa za kromiamu, ambayo ilimaliza kwa siku chache kazi iliyohitaji miezi ya kuloweka katika maji ya magome ya miti. Ngozi ya kromiamu ni laini na yafaa kwa viatu, lakini haishiki nakshi. Halafu yakaja magari. Farasi akiondoka, mtengeneza matandiko huondoka naye, na karakana moja baada ya nyingine ilifungwa. Nani angeirithi kazi hii?

Iliokolewa na watu wasioihitaji. Vita vilipokwisha mwaka 1945, hospitali za jeshi la Marekani zilikuwa zimejaa majeruhi, na miongoni mwa kazi walizopewa ili kufunza tena vidole vyao na kutuliza mioyo yao ilikuwa kazi ya ngozi. Charles Tandy, aliyekuwa katika jeshi la maji, aliliona jambo hilo. Baba yake alikuwa mwenye duka la ngozi za soli lililoanzishwa Fort Worth, Texas, mwaka 1919. Kijana huyo alifahamu kwamba wale waliojifunza hospitalini wangetaka kuendelea nyumbani, ila hawangepata pa kununulia kipande kidogo cha ngozi, nyuzi mbili na vyuma vya chapa. Mwaka 1950 akaanza kufungua maduka ya kuwauzia watu hao, na biashara ikakua mno. (Faida yake ilimwezesha mwaka 1963 kununua maduka ya redio yaliyokuwa yakifilisika, na ndiyo maana moja katika kompyuta za kwanza za nyumbani, ya mwaka 1977, ilibeba herufi ya jina la muuza ngozi.) Vitabu navyo viliandikwa. Al Stohlman, aliyefariki mwaka 1998, alichora na kueleza kila hatua ya kazi kwa uvumilivu wa mwalimu wa darasa la kwanza, na kitabu chake cha kufundisha kushona ala za bastola bado chasomwa.

Nafikiri wapenda kujua kazi yenyewe inavyofanywa. Ngozi lazima iwe ile iliyolowekwa katika maji ya magome. Na hapa Kenya tuna sehemu yetu, maana miwati iliyopandwa katika nyanda za juu ilipandwa kwa ajili hiyo, na dawa iliyopikwa kwa magome yake iliuzwa ng'ambo kwa wafanyizaji wa ngozi. Fundi huilowanisha ngozi kwa kitambaa chenye maji, kisha hungoja. Wanafunzi wengi huharibu hapa. Ngozi ikiwa na maji mengi, alama hufumba tena kama kidole kilichotiwa katika uji. Ikiwa kavu, chuma hakiingii. Wakati wake ni pale rangi ya ngozi ianzapo kurudi kuwa ya asili, huku ndani ingali na ubaridi wa maji ukiigusa kwa shavu. Ndipo huchora maua kwa kisu kifupi ambacho shingo yake huzunguka kati ya vidole, akikata sehemu ya unene tu. Baada ya hapo huchukua vyuma vyake. Kimoja hukandamiza ukingo wa nje wa petali, na mara petali huinuka. Kingine hutia kivuli katikati ya jani. Kingine huacha mishipa, kingine mbegu, na cha mwisho hujaza uwanja uliobaki kwa vitone vidogo sana, mamia kwa mamia. Vyote hupigwa kwa nyundo ya mti au ya ngozi ngumu, kwani nyundo ya chuma huponda vichwa vya vyuma hivyo.

Kushona ni kwa uzi mmoja uliopakwa nta na sindano mbili, moja kila upande, zikipishana katika tundu lile lile lililotobolewa kwa msharasi. Mashine haishoni hivyo. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili hubaki umeshika. Mwisho ala hutiwa maji tena, na bastola isiyo na risasi, au mfano wake wa mti, hushindiliwa ndani. Ngozi hukandwa kwa kipande cha mfupa mpaka ilishike umbo, ikaachwa ikauke polepole kivulini, mbali na moto.

Wafanya kazi hiyo kwa kujipendezea, mawakili, madereva, wauguzi, walianza kuiga ala za sinema, kama ilivyotarajiwa. Lakini mkono hufundisha. Baadhi yao walitafuta ala za kale, wakazipima, wakazikatia vielelezo vya karatasi, wakazishona upya, na kwa kuzivaa wakayatambua yale niliyokueleza juu ya ala ya Kimeksiko. Mwaka 1993 Richard Rattenbury, mtunzaji wa vitu katika jumba la makumbusho la wachunga ng'ombe mjini Oklahoma City, alichapisha kitabu kizima juu ya ala na mishipi ya magharibi ya kale, chenye picha za vitu vyenyewe na majina ya waliovishona.

Maua nayo yaliendelea na safari. Katika mji mdogo wa Sheridan, jimbo la Wyoming, Don King, aliyefariki mwaka 2007, aliyapunguza yawe madogo na kuyasuka katika duara zinazoingiana, hata ngozi yote ikajaa, akafuata mfano wa waridi la mwitu. Mtindo huo huitwa kwa jina la mji. Wapo leo mafundi wa Japani waufanyao kwa ustadi usiopungua ule wa Wyoming, juu ya pochi na mishipi ya watu ambao hawana farasi wala bastola, na ukilifuata shina la waridi lao kwa kidole utaona lapinda, lajificha chini ya jani, na kutokea tena upande wa pili, kama lilivyopinda Córdoba.